Mzee Aliyeomba Kufutwa

Alistaafu, tukala pilau yake, tukampigia makofi, tukampa redio na saa ya ukutani, lakini simu yake haikustaafu. Iliendelea kupokea habari za hospitali yetu kana kwamba mwenyewe bado yumo chumba cha mitambo. Aliyeumia zaidi si yeye, ni mkewe, ambaye kwa miaka alikuwa akisubiri kitu kimoja tu: mume asiye na simu shingoni. Hayo nitayafikia. Kwanza nimweleze mtu mwenyewe, maana usipomjua utadhani lilikuwa jambo dogo.

Tulimwita Mzee wa Mitambo. Jina lake limo kwenye mafaili, na najua atanuna nikilitaja. Alikuwa mkuu wa mtandao wa kompyuta katika hospitali moja ya hapa Tanga, nami nilifanya kazi chini yake tangu nilipotoka chuo, binti wa Kilutheri kutoka Lushoto, mwenye cheti kipya na mdomo mrefu. Chini ya ulinzi wake kulikuwa na swichi, vile visanduku vinavyogawa mtandao kwa kompyuta, pamoja na ruta, seva, na vipima joto vilivyofungwa kwenye majokofu ya chanjo na ya damu. Wageni wakimuuliza anafanya nini hasa, aliwajibu kwamba kitu kikiharibika, yeye huhakikisha anayeweza kukitengeneza anajua kabla ya anayekihitaji. Sijasikia mtu akiieleza kazi yetu vizuri zaidi ya hapo.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na baiskeli nyeusi aliyokuja nayo kutoka Ngamiani kila asubuhi. Shingoni alining'iniza kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe. Vijana wa idara nyingine walimcheka kwamba bwana mkubwa wa mitandao anatembea na kitochi. Yeye alikuwa na sababu yake. Arifa zetu zote za hatari alizipitisha kwenye kidude kidogo chenye laini ya simu, zikatoka kama meseji za kawaida, kwa sababu hakutaka zitegemee mtandao uleule unaoweza kufa. "Yakhe, aliyezimia hawezi kwenda kumwita daktari," alisema. "Lazima awepo mwingine wa kukimbia."

Wiki yangu ya kwanza alinipa swichi mpya niipange. Mimi, kwa bidii za mgeni, nikawasha arifa zote zilizokuwamo: waya ukichomolewa, kompyuta ikizimwa, umeme ukicheza kidogo, mtu akiingia, mtu akitoka. Mzee aliangalia kazi yangu. Alivua kitochi chake akanivisha shingoni kama medali.

"Kivae mpaka jioni," akasema.

Kitochi kililia mapokezi walipowasha kompyuta zao. Kililia mfagiaji alipogusa waya. Kililia nikiwa nakunywa chai, nikiwa nasali kabla ya kula, nikiwa msalani. Mpaka saa nane mchana nilikuwa siangalii tena. Ndipo akaniuliza, kwa upole ulioniudhi, kama katika hizo zote kulikuwa na ya kweli. Kumbe ilikuwamo. Feni ya seva ilikuwa imekwama tangu saa nne, na habari yake ilikuwa imefunikwa na makapi. Alikuwa ameshaitengeneza yeye, akaniachia nijionee. Kuanzia siku hiyo tulikaa pamoja tukachagua: hili liandikwe tu kwenye kumbukumbu, hili lisubiri dakika chache tuone kama litarudi sawa lenyewe, na hili limtoe mtu kwenye kiti sasa hivi.

Kwa usalama wa vifaa alikuwa hana mchezo. Kila kifaa hutoka kiwandani na neno la kuingilia ambalo dunia nzima inalijua, na wengi hukichomeka hivyohivyo wakaenda zao. Kwake hakuna kilichogusa mtandao kabla hakijakaa mezani kwake kikabadilishwa neno hilo, kikafungwa milango isiyo na kazi, na kikafundishwa kutuma habari zake zikiwa zimefumbwa, ili atakayezidaka njiani asipate kitu. "Bado cha kiwandani hicho, hakijawa chetu," alinikemea nikigusa waya mapema. Akimaliza alisema bismillahi, akakichomeka. Kisha alinigeukia: "Nawe omba kwa kwenu, mwanangu. Hiki ni kifaa cha umma."

Mtu huyohuyo baiskeli yake hakuifunga hata siku moja. Aliiegemeza ukutani nje ya lango la hospitali, ikakaa hapo kutwa. Nyumbani kwake mlango wa mbele ulikuwa wazi toka alfajiri hadi magharibi, na jirani akihitaji sukari aliingia akachota. Bi Zuhura, mfamasia wetu, mwanamke wa utani mwingi, alimwambia mbele za watu kwamba swichi anazilinda kama mabinti wa kuolewa na mali yake kaitupa barabarani. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Akasema baiskeli ni yake, ikiibiwa atatembea. Chanjo si zake.

Jambo lingine ambalo wageni hawakulielewa ni kwamba hakukubali arifa itumwe kwa watu wote kwa mpigo. Mwenzetu mmoja alipendekeza tufungue kundi la simu, kila mfanyakazi awemo. Mzee akauliza, "Ukipiga kelele 'jamani njooni', nani huja? Ukiita jina la mtu, mwenyewe huinuka." Basi ujumbe ulikwenda kwa mtu mmoja. Akijibu NIMEONA, unakoma hapo. Asipojibu kwa muda uliopangwa, unahamia kwa wa pili, kisha kwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa yeye, wa pili mimi, wa tatu muuguzi wa zamu. Mpango ulifanya kazi vizuri kwa miaka, na naomba ukumbukwe.

Maneno ya arifa aliyaandika mwenyewe, kwa Kiswahili. Hapo ndipo tulipopata aibu ambayo nadhani mahali pengine popote duniani isingetokea. Mzee aliona si adabu swichi imkurupukie mtu mzima na habari mbaya bila salamu. Nikamwambia swichi haina umri. Akaniangalia kama niliyetukana. "Hii ina miaka minne, mwanangu. Itamwamkia nani kwa 'mambo vipi'?" Basi kila arifa ikaanza kwa shikamoo, hata kwa watu waliokuwa wadogo wa Mzee mwenyewe, ikafuata pole na majukumu, ikafuata samahani kwa kusumbua, na ndipo habari yenyewe ikaja mwishoni.

Siku moja swichi ya maabara ilizimika yeye akiwa msibani Muheza na mimi nikiwa likizo kwetu. Wakati huo muuguzi wa zamu alikuwa bado hajaingizwa kwenye orodha, na Mzee alikuwa amempanga Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, ashike nafasi yetu. Ujumbe ulimfikia daktari. Kwenye kioo cha simu yake kulitokea mstari wa kwanza tu: Shikamoo Daktari, pole na majukumu, samahani kwa kukusumbua. Kwa cheo chake, meseji zinazoanza hivyo huzipokea tele, na zote huishia na mtoto anayetafuta kazi. Akaziacha zijipange, akaendelea na wodi. Majibu ya maabara yalikaa mpaka alasiri, wagonjwa wakiwa kwenye mabenchi wanajipepea kwa kadi zao za kliniki.

Mzee aliporudi akaambiwa, hakujitetea. Alikaa akaandika upya arifa zote: Swichi ya maabara imezimika. Nenda maabara. Shikamoo. Salamu hakukubali kuifuta, aliihamisha tu. Daktari mkuu alicheka sana, akasema sasa mtambo una tabia ya mtoto aliyetumwa mbio, anasema alichotumwa kwanza, adabu anaikumbuka akiwa mlangoni.

Salamu hiyo ilimpa sifa ambazo hakuzitaka. Ulikuja ujumbe wa matapeli kwenye simu za wafanyakazi, umejifanya umetoka kwenye mitambo yetu: akaunti yako inafungwa leo, bonyeza hapa uweke neno lako la siri. Bi Zuhura aliufuta palepale. Akatangaza kantini nzima, "Mtambo wetu una adabu zake. Huu umeniingilia bila hodi wala shikamoo, nikajua si wa nyumbani." Watu wakamsifu Mzee kwa akili. Yeye akakunja uso. Akanivuta pembeni: "Na mwizi akijifunza shikamoo, je?" Wiki nzima alizunguka idara moja hadi nyingine, akifundisha jambo moja. Ujumbe wetu utakwambia nenda. Hautakwambia lete. Ukikuambia lete, hata ukikuamkia mara tatu, si wetu.

Nilimpenda kwa hilo. Wengi wakisifiwa kwa bahati huipokea sifa wakanyamaza.

Sasa nije kwenye kufuta watu. Mzee alikuwa na desturi iliyomchukiza kila mtu: mfanyakazi akihama au akistaafu, alimfuta kwenye mitambo siku hiyohiyo ya kuagwa, neno lake la siri na namba yake ya simu. Fundi wa maabara mmoja alihamishiwa Korogwe, na hotuba zikiwa bado zinasomwa Mzee alinyanyuka, akaenda chumba cha mitambo, akarudi akaendelea na halua yake. Yule fundi alipojaribu kuingia kuchukua picha zake akakuta mlango umefungwa. Alilia kwa hasira. Mzee akampa picha zake kwenye diski, amezipanga vizuri, na akamsindikiza mpaka stendi akimbebea begi. "Kukufuta si kukuchukia," alimwambia. "Wewe huko utaulizwa ya huko."

Ilipofika zamu yake aliniita asubuhi ya sherehe akaniambia nisisahau. Sikusahau. Neno lake la siri nililiondoa pilau ikiwa bado jikoni. Ila nilipotaka kuondoa namba yake kwenye orodha ya arifa, Mganga Mfawidhi akanizuia. Alikuwa amemkuta Mzee hapo alipokuja akiwa daktari kijana, na alimpenda kama baba. "Mzee hafutwi kama namba ya duka," akasema. "Mwache juu palepale. Ni heshima yake." Nikamkumbusha utaratibu. Akanijibu kwamba kumwondoa ni kumwambia hatumhitaji tena, na yeye hatakuwa daktari aliyemwambia Mzee maneno hayo.

Basi Mzee akahamia Mwera, Pangani, kwenye shamba la minazi la mkewe, na arifa zikamfuata. Alinipigia siku ya pili.

"Mwanangu, mbona bado naitwa?"

Nikamweleza. Akauliza, "Daktari kasema?"

"Kasema, Mzee."

"Basi mkono wake siwezi kuurudisha." Nilimsikia akipumua, na nitakuwa mwongo nikisema pumzi ile ilikuwa ya huzuni tupu. Kulikuwa na raha ndani yake.

Nilikwenda kuwatembelea, nimewabebea machungwa niliyonunua Muheza nikitoka kwetu. Nilimkuta kanenepa kidogo, anajifunza kukwea minazi kwa maneno, maana miguu ilikataa. Simu ilikuwa shingoni. Sehemu kubwa ya shamba haina mawimbi ya simu, kwa hiyo alikuwa ameweka kiti chake karibu na kisima, mahali pekee yanaposhika, na hapo alikula, alisoma, alipokea wageni. Mkewe alinichukua jikoni tukakune nazi. Alikuwa akipika bada, ule ugali wa muhogo wa kwetu Tanga, na alizungumza bila kuniangalia.

"Binti yetu yuko Pemba. Kajifungua, mtoto sasa anakaa mwenyewe, ana meno. Kila wiki nasema twende. Aniambia baharini hakuna mawimbi ya simu, ati jokofu likipata joto nani atajua? Nimeolewa na mtu huyu au na jokofu?"

"Pole, Mama."

"Pole yako haijanifikisha Pemba, mwanangu. Nyie ndio mwamshikilia."

Nilirudi Tanga maneno hayo yamenikaa. Nikamwambia Mganga Mfawidhi. Akasema Mzee mwenyewe hajalalamika, na kwamba wanawake husema. Nikakasirika, nikaliacha hapo, kwa kuwa kweli Mzee mwenyewe hakuwa amelalamika. Na sisi, niseme ukweli wote, tulikuwa tumezoea. Kitu kikilia, tunajua Mzee ameshaona, atatupigia.

Kisha ikaja ile Jumatano. Tulikuwa kwenye kikao cha bajeti, mimi, Bi Zuhura, daktari mkuu na wakuu wa idara. Daktari ana utaratibu wake kwamba simu zote huachwa kwenye kikapu mlangoni, na muuguzi wa zamu ndiye hubaki na simu ya dharura. Stoo ya dawa mtu akachomeka birika la chai, swichi ya umeme ikaanguka, jokofu la chanjo likazimika nalo. Kipima joto kikafanya kazi yake. Ujumbe ukatoka, ukaenda kwa mtu wa kwanza, ukamkuta kando ya kisima Mwera. Kwa mazoea ya miaka yote, kidole chake kikajibu NIMEONA.

Ujumbe ukakoma. Muuguzi wa zamu, ambaye kati yake na jokofu kulikuwa na ukuta mmoja tu, hakupata kitu.

Mzee alinipigia, simu ikalia ndani ya kikapu. Akampigia Bi Zuhura, kikapuni. Akampigia daktari, kikapuni. Namba ya simu ya dharura ilikuwa kwenye mtambo, si kwenye kitochi chake. Tulipotoka nikaona jina lake limejaa kioo changu, na meseji yake moja, jokofu la chanjo, nikakimbia stoo. Niliinua swichi ya umeme, nikafungua kumbukumbu ya joto. Jokofu lile ni zuri, lina barafu kwenye kuta zake, na joto lilikuwa limepanda likakaribia mpaka bila kuuvuka. Chanjo zilikuwa salama. Nilikaa chini sakafuni, nikamshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikampigia.

"Ziko salama, Mzee. Pumzika tu."

"Nishafika Tongoni," akasema, na nyuma yake nikasikia injini ya gari. "Sirudi."

Aliingia hospitali kabla ya adhuhuri, vumbi hadi kwenye nyusi, na mkewe nyuma yake na mkoba wa ukili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila tabasamu. Kwenye meza ya mlinzi aliomba kitabu cha wageni, akaandika jina lake. Mlinzi aliona haya, akamwambia Mzee pita tu, hapa kwako. "Si kwangu," akasema, akaandika na saa aliyofika. Chumba cha mitambo nilimvutia kiti chake cha zamani. Hakukikalia. Alikaa kile cha wageni, karibu na mlango, mikono juu ya magoti, mbali na kibodi.

Daktari mkuu alikuja mbio. "Shikamoo Mzee wangu. Tumshukuru Mungu, hakuna kilichoharibika."

"Marahaba. Daktari, wewe wanipenda?"

"Sana, Mzee."

"Nami najua. Lakini heshima yako imenifanya kizibo. Habari yafika kwangu yakwama. Leo nimejibu nimeona, wallahi, na sikuona kitu. Nimeona minazi." Akavua miwani, akaipangusa vumbi. "Nifuteni."

Daktari aliniangalia mimi, akaangalia sakafu. Bi Zuhura, ambaye hakosi utani, alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Mkewe alisimama mlangoni, ameshika mkoba kwa mikono miwili, na sijawahi kuona mtu akisubiri namna ile.

"Mfute," daktari akasema hatimaye.

Nikafungua orodha. Namba yake ilikuwa juu kabisa, kama ilivyokuwa siku zote nilizofanya kazi pale. Niliichagua, nikabonyeza, mtambo ukaniuliza kama nina hakika. Nikamgeukia. Akatikisa kichwa kukubali. Nikafuta. Jina langu likapanda juu, nikaogopa.

"Sasa jaribu," akasema. "Kitu kisichojaribiwa hakijapangwa."

Nikatuma arifa ya majaribio kutoka kwenye jokofu la chanjo. Simu yangu ikalia mfukoni. Yeye alikuwa amekishika kitochi kiganjani, anakitazama, na sote tukawa tunakitazama. Kilikaa kimya. Tulisubiri muda wote ambao ujumbe ungeweza kuchelewa, na zaidi, na hakikulia. Alikaa hivyo, kisha akaivua ile kamba kichwani taratibu, ikakwama kwenye kofia, mkewe akaja akamnasua.

Nami kidole changu kilikuwa tayari juu ya vitufe, naandika NIMEONA.

"Wee!" akanikemea, kwa ile sauti yake ya zamani. "Umeona nini hapo ulipokaa? Nenda kwanza."

Nikainuka. Nilipita korido nzima, nikapita wodi ya watoto, nikafungua stoo ya dawa, nikainama mbele ya jokofu. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Nilisoma joto, nikagusa mlango kuhakikisha umeshika, nikaangalia waya mpaka ukutani, ndipo nikajibu.

Niliporudi kiti cha wageni kilikuwa kitupu. Bi Zuhura akaniambia wametoka sasa hivi, Mzee kamshika mkewe mkono, na kwamba walikuwa wanamuuliza mlinzi boti ya Pemba inaondoka saa ngapi.